Emil Fischer: Mkemia aliyefumbua siri ya sukari na protini akalipia kwa afya yake

KILA asubuhi, katika nyumba nyingi, maji hutiwa kwenye sufuria, yakaongezwa majani ya chai, maziwa na sukari, kisha chai hiyo ikanywewa kwa mkate, nduma au mandazi.

Ni wachache wanaofahamu kwamba vitu vikuu vilivyomo katika kiamsha kinywa hicho, yaani sukari, protini ya maziwa na kafeini ya majani ya chai, vilichunguzwa kwa kina na mtu mmoja. Ni yeye aliyewaonyesha walimwengu jinsi vilivyojengwa.

Mtu huyo ni Emil Fischer, mkemia Mjerumani aliyefariki mnamo 1919 na ambaye wasomi wengi humhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya kemia ya viumbe hai.

Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Fischer alichumia juani kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini kivuli chake hakikudumu. Kemikali iliyompa umaarufu ndiyo iliyomharibia mwili, na vita ambavyo taifa lake liliingia kwa kelele za shangwe vilimwacha na mwana mmoja tu kati ya watatu.

Hermann Emil Fischer alizaliwa Oktoba 9, 1852, katika mji mdogo wa Euskirchen, karibu na Cologne, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Babake, Laurenz Fischer, alikuwa mfanyabiashara aliyefanikiwa, na matumaini yake yote yalikuwa kwamba mwanawe angerithi shughuli za familia.

Kijana huyo alihitimu masomo ya sekondari mnamo 1869 kwa alama za kupendeza, akatumwa kujifunza kazi katika biashara ya mbao ya jamaa yao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Badala ya kujaza vitabu vya hesabu, Emil alijitengenezea maabara ndogo na kushinda humo akichanganya dawa.

Mzee Laurenz alivumilia kwa muda, kisha akakata tamaa. Inasimuliwa kwamba alitamka mbele ya jamaa zake kuwa mtoto huyo hakuwa na akili ya kutosha kufanya biashara, hivyo afadhali apelekwe chuo kikuu.

Hakuna kijana aliyewahi kufurahia kutukanwa kama Emil alivyofurahia siku hiyo.

Safari ya masomo

Mnamo 1871 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn, ambako alisikiliza mihadhara ya August Kekulé, mmoja wa wakemia mashuhuri wa enzi hizo. Moyo wake ulikuwa umeelekea fizikia zaidi, na ni binamu yake, Otto Fischer, aliyemshawishi asiiache kemia.

Mwaka uliofuata, wawili hao walihamia Strasbourg, mji ambao Ujerumani ilikuwa imetoka kuunyakua kutoka kwa Ufaransa baada ya vita vya 1870 na 1871. Huko alikutana na Adolf von Baeyer, mwalimu aliyemjenga kama mtafiti, na chini yake akapata shahada ya uzamifu mnamo 1874.

Mwaka wa 1875, akiwa na umri wa miaka 22 pekee, Fischer aligundua kemikali ambayo hakuna aliyekuwa ameitengeneza kabla yake. Iliitwa fenilihaidrazini.

Wakati huo hakujua kwamba alikuwa ameshika ufunguo wa mlango mkubwa. Wala hakujua kwamba ufunguo wenyewe ulikuwa na sumu.

Alimfuata Baeyer hadi Munich mwaka huo huo, akapanda ngazi hadi kuwa profesa. Baadaye alifundisha Erlangen, kisha Würzburg kuanzia 1885, na hatimaye Berlin kuanzia 1892. Kampuni kubwa ya rangi na kemikali ya BASF ilimwita aongoze maabara yake kwa malipo mazuri, lakini alikataa. Kwa kuwa babake alikuwa na mali, Fischer aliweza kuchagua elimu badala ya fedha.

Sukari kumi na sita

Ili kuelewa kazi aliyoifanya, yafaa kwanza kuelewa kiza kilichokuwapo.

Wakemia wa karne ya 19 walijua kwamba glukosi, sukari inayozunguka katika damu ya binadamu, ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Lakini walijua pia kwamba kuna sukari nyingine zenye idadi iyo hiyo ya atomu, ilhali tabia zake ni tofauti. Waliweza kuzihesabu atomu hizo, ila hawakuweza kusema zimepangwaje.

Isitoshe, sukari ni kitu kinachosumbua maabarani. Ikichanganywa na uchafu kidogo hukataa kuganda, ikabaki uji wa kunata usioweza kutenganishwa wala kupimwa.

Hapo ndipo fenilihaidrazini ilipoonyesha thamani yake. Mnamo 1884, Fischer aliripoti kwamba kemikali hiyo ikipashwa moto pamoja na sukari hutoa chembe nzuri za rangi ya manjano, ambazo zaweza kukaushwa, kupimwa na kutambuliwa. Mtafiti aliyekuwa akihangaika na uji wa kunata sasa alikuwa na kitu anachoweza kukishika.

Mnamo 1874, Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa walikuwa wamependekeza, kila mmoja kivyake, kwamba atomu ya kaboni hushika wenzake wanne katika pande nne. Maana yake ni kwamba molekuli mbili zaweza kuwa na vitu vile vile na bado zisilingane, kama vile mkono wa kulia na wa kushoto usivyoweza kuvaa glavu moja.

Katika glukosi mna kaboni nne za aina hiyo, na kila moja yaweza kugeukia upande huu au ule. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni kumi na sita. Kwa hivyo zapaswa kuwapo sukari 16 za umbo hilo, na glukosi ni moja tu kati yake. Ni ipi?

Fischer hakuwa na darubini ya kumwezesha kuona molekuli. Alichokuwa nacho ni chupa, moto, mizani na akili. Alirefusha sukari fupi, akafupisha ndefu, akazigeuza kichwa chini, akapima jinsi kila moja inavyopinda mwanga. Kila jibu lilifuta baadhi ya maumbo katika orodha yake.

Mnamo 1890 alikuwa ameweza kuitengeneza glukosi yenyewe maabarani kutokana na vitu sahili, na mwaka wa 1891 akatangaza mpangilio wa atomu zake. Hadi leo wanafunzi wa kemia kote duniani huchora sukari kwa mtindo alioubuni mwaka huo, na mchoro wenyewe huitwa kwa jina lake.

Palibaki jambo moja ambalo hakuweza kulithibitisha. Hoja zake zilionyesha jozi moja ya maumbo, kila moja likiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo, lakini hazikuonyesha lipi ndilo la kweli. Fischer alichagua moja, akiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba amekosea.

Jibu lilipatikana mnamo 1951, miaka 32 baada ya kifo chake, wakati Johannes Bijvoet wa Uholanzi alipotumia eksirei kuchunguza chembe za chumvi fulani. Fischer alikuwa amebahatisha vyema.

Kafeini, mkojo na kinyesi cha ndege

Wakati akipambana na sukari, mkemia huyo alikuwa na kazi nyingine mkononi.

Alitaka kujua kama kuna udugu wowote kati ya kafeini ya chai na kahawa, theobromini ya kakao, na asidi ya yuriki, ambayo hupatikana katika mkojo, huonekana kama weupe katika kinyesi cha kuku na ndege wengine, na huwatesa wagonjwa wa jongo inapojikusanya kwenye viungo.

Kwa mtu wa kawaida, vitu hivyo havina uhusiano. Mgeni hakaribishwi kwa kinyesi cha kuku.

Hata hivyo, Fischer alionyesha kwamba vyote vimejengwa juu ya kiunzi kimoja cha atomu tano za kaboni na nne za naitrojeni, zilizopangwa katika pete mbili zilizoungana. Kiunzi hicho alikipa jina la purini, na mnamo 1898 akafaulu kukitengeneza chenyewe.

Katika ukoo huo huo mna adenini na guanini, vitu ambavyo wenzake walikuwa wamevipata ndani ya seli. Fischer hakuishi kujua uzito wa ugunduzi huo. Baada ya 1953, umbo la DNA lilipofahamika, ilidhihirika kwamba adenini na guanini ni mbili kati ya herufi nne ambazo kwazo urithi wa kila kiumbe huandikwa.

Kwa kazi yake juu ya sukari na purini, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mnamo 1902. Alikuwa mtu wa pili kuipata, baada ya van 't Hoff aliyeipokea mwaka uliotangulia.

Kufuli na ufunguo

Huenda wazo lake lililoenea zaidi ni lile alilolitoa mnamo 1894.

Alikuwa akichunguza vimeng'enya, yaani vitu vinavyoharakisha shughuli za kemikali ndani ya viumbe. Aligundua kwamba kimeng'enya kimoja kiliweza kuvunja sukari fulani lakini kikashindwa kabisa kuigusa nyingine iliyofanana nayo kwa kila hali isipokuwa jinsi atomu zake zilivyogeukia upande.

Alieleza kwamba sharti kimeng'enya na kitu kinachovunjwa viingiane kama ufunguo na kufuli. Ufunguo usiotoshea haufungui, hata ukiwa wa chuma kile kile.

Wazo hilo limerekebishwa tangu wakati huo, kwani sasa inafahamika kwamba kufuli lenyewe huweza kujikunja kidogo ili kuupokea ufunguo. Lakini msingi wake haujatikisika. Kifaa anachotumia mgonjwa wa kisukari kupima tone la damu nyumbani kwake mara nyingi huwa na kimeng'enya kinachoitambua glukosi na kuziacha sukari nyingine nyingi zinazofanana nayo.

Mnyororo wa protini

Mnamo 1899, akiwa Berlin na akiwa tayari ni mtu mashuhuri, Fischer angeweza kupumzika. Badala yake aligeukia swali gumu kuliko yote: protini ni nini?

Nyama, maharagwe, maziwa, nywele na damu vyote vina protini. Ilijulikana kwamba ikichemshwa kwenye asidi kali, protini huvunjika ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Lakini namna vipande hivyo vinavyoshikana haikuwa imethibitishwa.

Septemba 1902, katika kongamano la wanasayansi mjini Karlsbad, Fischer na mwenzake Franz Hofmeister walitoa jibu linalofanana bila ya kushauriana. Walieleza kwamba mkia wa asidi amino moja hushikana na kichwa cha nyingine, maji kidogo yakatoka, na fundo likawa limefungwa. Kisha ya tatu ikafuata, na ya nne, kama shanga katika uzi.

Fischer hakuridhika na maneno matupu. Alianza kuunda minyororo hiyo kwa mikono yake, akaipa jina la peptidi, na kufikia 1907 alikuwa ameunganisha asidi amino 18 katika mnyororo mmoja.

Magazeti ya wakati huo yalishangilia kana kwamba binadamu amekaribia kuumba uhai katika chupa. Yeye mwenyewe alijua kwamba safari ilikuwa bado ndefu.

Kuhusu urefu wa safari hiyo, hata Fischer alikosea. Alishuku kwamba molekuli ya protini ingeweza kuzidi uzito wa takriban 5,000 kwa kipimo cha wakemia. Leo inafahamika kwamba himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ina uzito wa zaidi ya 64,000.

Lakini kuhusu mnyororo wenyewe alikuwa sahihi. Kufikia 1955, Mwingereza Frederick Sanger alikuwa amesoma asidi amino zote 51 za insulini, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ule ule wa shanga.

Gharama

Yote haya yalikuwa na bei.

Fischer alifanya kazi kwa miaka mingi katika vyumba visivyopitisha hewa vya kutosha, akivuta mvuke wa fenilihaidrazini na kuishika kwa mikono mitupu. Kufikia mapema miaka ya 1890, ilikuwa wazi kwamba ilikuwa imemdhuru. Ngozi ya mikono yake ilipata ukurutu uliokataa kupona, na tumbo lake likawa la kusumbua daima. Zebaki pia ilikuwa imemwathiri katika ujana wake.

Alipohamia Berlin alishikilia kwamba ajengewe taasisi mpya yenye hewa safi. Ilifunguliwa mnamo 1900, na ikawa kitovu cha wanafunzi kutoka nchi nyingi. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Otto Diels, Otto Warburg na Adolf Windaus, ambao wote baadaye walishinda Tuzo ya Nobel.

Mnamo 1907 mwanafizikia kutoka Austria, Lise Meitner, aliomba kufanya utafiti humo pamoja na Otto Hahn. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu wanawake. Fischer alimkubali, lakini kwa sharti kwamba abaki katika chumba cha chini kilichowahi kuwa karakana ya seremala, asipande katika maabara za wanaume. Baada ya Prussia kuwafungulia wanawake milango ya vyuo vikuu mnamo 1908, vikwazo hivyo viliondolewa, na Fischer akawa miongoni mwa waliomuunga mkono.

Nyumbani, huzuni ilikuwa imekwisha kubisha hodi. Alikuwa amemwoa Agnes Gerlach mnamo 1888, wakajaliwa wana watatu. Agnes alifariki mnamo 1895, baada ya miaka saba ya ndoa, akamwachia watoto wadogo. Fischer hakuoa tena.

Kisha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikazuka mnamo 1914. Kama wasomi wengi wa nchi yake, alikuwa miongoni mwa watu 93 waliotia sahihi tangazo la kuitetea Ujerumani mbele ya mataifa, tangazo lililowaudhi wanasayansi wa nchi nyingine kwa miaka mingi. Alihudumu pia katika juhudi za kutafuta malighafi, kwa kuwa meli za adui zilikuwa zimeizingira nchi.

Vita hivyo vilivunja nyumba yake. Mmoja wa wanawe, akiwa na umri wa miaka 25, alishindwa kustahimili mafunzo ya lazima ya kijeshi, akajitoa uhai. Mwingine alipoteza maisha akiwa katika huduma ya vita.

Hivyo mtu aliyejua zaidi ya yeyote jinsi molekuli za uhai zinavyofungwa pamoja alibaki akitazama familia yake ikifunguka fundo baada ya fundo.

Vita vilipokwisha mnamo 1918, Ujerumani ilikuwa imeshindwa, maabara zilikuwa tupu, na Fischer alikuwa mgonjwa. Madaktari walipata kwamba alikuwa na saratani ya utumbo. Alifariki mjini Berlin Julai 15, 1919, akiwa na umri wa miaka 66. Wanahistoria wengi wameandika kwamba alijitoa uhai mwenyewe.

Urithi

Mwanawe aliyesalia, Hermann Fischer, alifuata nyayo za babake. Naye pia alikuwa mkemia wa sukari, akafundisha Uswisi, Kanada na hatimaye katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani. Ni katika chuo hicho ambako nyaraka za babake zimehifadhiwa.

Kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika katika miaka ya mwisho, zilichapishwa mnamo 1922.

Lakini urithi mkubwa zaidi wa Emil Fischer hauko kwenye makabati. Kabla yake, vitu vinavyoujenga mwili vilikuwa kama sokoni siku ya gulio, kila kimoja kikiwa na jina lake na hakuna ajuaye nani ni ndugu ya nani. Alipoondoka, ilikuwa imebainika kwamba asidi amino chache zikiungana kwa fundo la aina moja huzaa protini za kila namna, kwamba sukari 16 hutofautiana kwa kugeuka tu, na kwamba kafeini iliyo katika kikombe cha chai ni ya ukoo mmoja na herufi za urithi zilizo ndani ya anayeinywa.

Fenilihaidrazini nayo ingali inatumika. Siku hizi hushikwa kwa glavu, chini ya vifaa vya kuvuta mvuke, na chupa yake hubandikwa onyo la sumu. Fischer aliitumia kwa miaka mingi bila ya onyo lolote.